Jinsi ya Kuziba Jino la Mtoto Lizibuke Kabla ya Sikukuu

Karibu, tabibu mwenzangu, kaa. Nimesikia umepangiwa chumba cha watoto, na foleni imeshafika ngazini: mama wanane, watoto kumi na mmoja, na bibi mmoja aliyekuja kusindikiza tu lakini ana maoni. Usitishike. Mimi nimeziba meno ya watoto wa Unguja kwa miaka mingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, na karibu yote yalizibuka bila mtu kunishuku. Leo nakupa ujuzi huo bure, kwa sharti moja: usinitaje.

Siri yenyewe ni ndogo. Ukitaka kuiona, pita kichochoro chochote cha Mji Mkongwe utazame ukuta. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi kaja wiki moja kabla ya Ramadhani, kaukuta ukuta una unyevu, kapiga saruji juu yake, kapaka rangi, kalipwa, kaondoka. Mwenye nyumba kafurahi. Masika ikaingia, unyevu na chumvi vikasukuma kutoka ndani, saruji ikabanduka mapande mapande. Watu wanalaani saruji. Hakuna anayemuuliza fundi kama aliukwangua ukuta kwanza.

Jino ni vivyo hivyo. Kila mtu ataona ulichojaza. Tundu ulilojaza juu yake hakuna atakayeliona tena, wala mama, wala mkubwa wako wa kazi. Basi uzembe wako wote ufanyie humo ndani.

Hatua ya 1: Kubaliana na mama haraka

Mama ataingia na mtoto wa miaka mitano, kamshika mkono kama anampeleka polisi. Atasema lile wasemalo wote:

"Daktari, si la utoto hilo? Ling'oe tu, litaota jingine."

Jibu papo hapo: "Kweli mama, la muda tu hilo."

Muda gani, usitaje. Mtoto ana meno ya utoto 20, na manane kati yake ni magego. Gego la mwisho katika hayo hukaa mdomoni mpaka mtoto afike miaka 10, hata 12. Huu "muda" wako basi ni karibu skuli ya msingi yote: kila sahani ya wali, kila kipande cha muhogo, kila mkate wa asubuhi. Mama akilijua hilo ataanza kudai kizibo cha miaka saba, na wewe ulikuwa umekusudia cha wiki saba.

Usimwambie pia kwamba gego hilo linamshikia nafasi mwenzake wa ukubwani anayekuja chini yake. Likitoka mapema, majirani husogea, na mwenye kiti anapofika anakuta kimekaliwa, kama abiria aliyeshuka daladala kununua maji. Meno yakija kupandana, hilo ni tatizo la mwaka mwingine na daktari mwingine.

Na hasa lifiche gego la miaka sita. Hilo huota nyuma kabisa, nyuma ya magego ya utoto, wala hakuna jino linalodondoka kulipisha. Kwa kuwa hakuna kilichotoka, mama huliona ni la utoto vilevile. Likitoboka atakwambia, "Na hilo la utoto pia," nawe utaitikia tena. Hilo ndilo litakalomfuata mtoto mpaka uzeeni, lakini wewe hutakuwepo.

Hatua ya 2: Tazama juu, usichungulie kati

Mtoto akifungua mdomo, pua yako itakutangulia kujua habari. Mama ameshaweka karafuu. Tuko Zanzibar, angeweka nini? Usimcheke, maana anajua anachofanya: mafuta ya karafuu yanapoza, na madaktari wa meno duniani kote wamekuwa wakiyachanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Msifu. Kisha umuulize kama bado linauma. Akisema, "Liliuma wiki nzima, halafu likanyamaza lenyewe," mpe hongera. Jino lililouma usiku kucha kisha likanyamaza bila tiba mara nyingi limenyamaza kwa sababu mshipa wake umekufa, na kinachofuata ni uvimbe na usaha kwenye ufizi. Ziba juu ya maiti hiyo na usonge mbele. Kizibo kizuri juu ya jino lililokufa ni sawa na kupaka rangi mlango wa gofu.

Sasa chukua kioo, utazame juu ya jino tu. Magego ya utoto yamegusana bapa kwa bapa, kama nyumba mbili za Mji Mkongwe zinazogawana ukuta, na uozo hupenda kuanzia hapo katikati, chini kidogo ya mahali yanapogusana. Kwa juu huoni tundu. Unaona kivuli cha kijivu tu, kama maji yaliyopita chini ya chokaa. Kiite "doa".

Ukichungulia zaidi utajua kama tundu ni la upande mmoja au la pande mbili, na kujua kuna gharama. Tundu la juu peke yake lina kuta pande zote, na kizibo chake hudumu vizuri hata kwa vifaa vya mkono. Tundu lililotoboa mpaka ubavuni halina ukuta upande mmoja, na vizibo vyake ndivyo vinavyoongoza kwa kuvunjika. Linataka ukanda wa chuma wa kuzungushia jino na kabari ndogo ya mti ya kuukaza, ili dawa isimwagike kwenye ufizi. Na kabari, kama unavyojua, ziliisha tangu Mfunguo Tatu.

Hatua ya 3: Fungua kidirisha, au bomoa nyumba

Kuna madhehebu mawili ya kuharibu tundu. Chagua unalolipenda, usichanganye.

Dhehebu la kwanza ni la wachoyo. Uozo ukishapita gamba gumu la nje hutanuka chini yake, kwa hiyo kitobo kidogo juu kinaweza kuwa na pango chini. Wewe kiache kitobo kama kilivyo. Ingiza dawa kwa juu, bonyeza, futa. Umeacha paa jembamba lisilo na nguzo, na chini yake uozo wote na wapangaji wake. Kashata ya kwanza italivunja. Waharibifu wa biashara hufanya kinyume: wanachukua kipatasi, wanavunja kingo zote zilizobaki zinaning'inia, mpaka kijiko cha kukwangulia kiweze kuzunguka humo ndani bila kugonga. Dakika mbili nzima wanapoteza kwa kufungua mlango.

Dhehebu la pili ni la wakarimu. Shika mashine, chimba. Ukiulizwa, mtaje G. V. Black wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1908 kilifunza vizazi vya madaktari kupanua tundu mpaka mahali penye usalama ili uozo usirudi. Usiseme kwamba mzee wa watu alikuwa na dawa zisizonata, zilizohitaji kubanwa na umbo la tundu. Usiseme pia kwamba gamba la jino la utoto lina unene wa milimita moja hivi, karibu nusu ya lile la mtu mzima, na mshipa wake ni mkubwa, pembe zake zimepanda juu, hasa ile ya upande wa mbele. Ukizidisha kidogo utaona nukta nyekundu. Usishtuke. Ifunike, tabasamu, mwite anayefuata. Usiku mtoto atamwamsha mama yake, hatakuamsha wewe.

Kwa dhehebu lolote, ndani acha pembe kali. Nguvu ya kutafuna hujikusanya penye pembe, na dawa huanza kupasuka hapo. Na kama tundu limeingia ubavuni, fanya shingo yake, pale juu inapoungana na ubavu, iwe nyembamba kama shingo ya chupa ya manukato. Kizibo kitakatika hapo hapo, vipande viwili safi, na wewe utasema mtoto alitafuna jiwe.

Hatua ya 4: Sugua sakafu, sahau kuta

Hapa ndipo bwana hujulikana na mwanafunzi, kwa hiyo nisikilize kwa makini.

Ndani ya tundu kuna uozo wa namna tatu, na mtoto yeyote wa Unguja angeweza kukutajia. Wa juu ni halua: laini, wa kahawia, unyevunyevu, kijiko kinauchota bila kusukumwa. Chini yake kuna ngozi ya tende: unakwanguka kwa shida, unatoka nyuzi nyuzi. Chini kabisa ni jiwe, na kijiko kikipita kinalia kwaru, kwaru.

Kanuni inayojulikana sasa ni hii. Halua toa yote. Pembeni, kwenye kuta zote zinazopakana na gamba, fika mpaka kwenye jiwe, uisikie ile kwaru kwaru mzunguko mzima. Lakini kwenye sakafu, juu ya mshipa, ukifika kwenye ngozi ya tende simama. Iache. Ukishaziba vizuri, vijidudu vilivyobaki vinakosa sukari kutoka juu, vinadhoofika, na jino lenyewe linajikaza kutoka chini. Kuta ndizo zinazoshika kizibo na kufunga mlango. Sakafu ni ya kulinda mshipa.

Wewe geuza. Sakafu ichimbe kwa nguvu zako zote, kwa sababu ina maonyesho: mtoto atapiga kelele, jasho litakutoka, mama ataona kazi inafanyika. Kuta zipitie juu juu. Hazina maonyesho, ziko pembeni, zinataka kioo na shingo iliyopinda, na hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kusafisha ukuta. Kwa hiyo unapata faida mara mbili: mshipa umeukaribia mpaka umeamka, na kizibo umekishikiza kwenye halua. Nionyeshe mtu aliyewahi kushikiza kitu kwenye halua.

Ukifuata hatua hii peke yake, ukaruka nyingine zote, bado utafeli. Ndiyo maana naipenda.

Hatua ya 5: Yakaribishe mate

Ulimi wa mtoto wa miaka mitano ni kama paka wa Forodhani penye mishikaki. Unamfukuza huku, anatokea kule. Wenye subira huweka pamba zilizoviringwa pande zote mbili za jino, zikilowa wanabadilisha, zikilowa tena wanabadilisha tena. Kabla ya kuziba wanapaka ndani ya tundu maji ya asidi laini kwa sekunde kumi, kumi na tano, wanasafisha kwa pamba iliyolowa maji, wanakausha kwa pamba kavu, na hapo hapo wanajaza. Wakiona damu au mate yameingia, wanarudia mwanzo. Hebu fikiria: kurudia!

Wewe weka pamba moja asubuhi, kwa heshima. Mate yakiingia sema, "Meza, baba." Kizibo kitakaa juu ya utelezi, kama ile saruji ya fundi wetu juu ya ukuta wa masika. Siku hiyo kitang'aa. Fundi pia ukuta wake ulikuwa unang'aa siku aliyolipwa.

Hatua ya 6: Koroga uji

Dawa inayotumika sana kwa watoto siku hizi ni glasi ayonoma, saruji nyeupe inayokuja kwa unga na maji yake. Ni kitu kizuri mno, na hilo ndilo tatizo lake. Inashika kwenye jino yenyewe bila kuhitaji kulibana, na inatoa floridi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Amalgamu ile ya kijivu huna haja ya kuikimbilia: mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule unaohusu zebaki, zilikubaliana kutoitumia kwenye meno ya utoto wala kwa walio chini ya miaka 15, isipokuwa daktari akiona haja ya lazima.

Kuiharibu glasi ayonoma, anza na kipimo. Kijiko chake kimo kwenye boksi, kipoteze. Mimina maji kwa macho. Maji yakizidi inakuwa uji, inateleza vizuri, inaingia yenyewe, mkono hauchoki. Inakuwa dhaifu pia, lakini udhaifu hauonekani kwa macho. Muuza urojo wa pale Forodhani hawezi kukubali kazi ya namna hii; yeye unga wake ukizidi maji wateja wanamwambia hapo hapo. Mteja wako wewe hana wa kumlinganisha.

Kama hupendi uji, chelewa. Koroga, kisha upokee simu. Joto letu linaiharakisha dawa kukaza, na baada ya muda mfupi inapoteza mng'aro wake. Mng'aro ukishaondoka, haishiki tena kwenye jino. Ijaze hivyo hivyo. Kwa nje huwezi kutofautisha.

Wale wenzetu wa pamba nyingi wana tabia nyingine ya ajabu. Wakishajaza, wanapaka vaselini kwenye kidole cha glavu na kukandamiza dawa kwa nguvu, ili iingie kwenye kila kona na kwenye mifereji ya jino. Kisha wanamwambia mtoto aume karatasi ya rangi waone kama kizibo kimezidi, na kilichozidi wanakipunguza. Wewe muulize mtoto, "Iko sawa?" Mtoto amefungua mdomo dakika kumi, anataka kwenda kwao. Atasema iko sawa.

Hatua ya 7: Mzawadie shujaa

Mtoto hakulia sana. Mpe pipi. Usinitazame hivyo, nimewahi kuona boksi la pipi kwenye meza ya chumba cha meno, na lilikuwa langu.

Kizibo kinataka saa nzima bila kutafuniwa kitu. Wewe sema, "Muende salama," uache. Nje ya geti Unguja itamaliza kazi yako. Kuna ubuyu mwekundu wenye sukari, unaokaa mdomoni mpaka kokwa ibaki nyeupe. Kuna malai, juisi ya miwa, jojo, kashata, visheti. Kuna muuza pipi anayejua dakika hasa ambayo watoto wanatoka chuoni, kuliko mwalimu wao anavyoijua. Na kinachooza jino si wingi wa sukari peke yake, ni mara ngapi inapita. Ubuyu mmoja mmoja tangu adhuhuri mpaka magharibi unafanya kazi kubwa kuliko bakuli zima la halua lililoliwa mara moja baada ya chakula.

Kwa hiyo mama usimwambie lolote kuhusu mara. Mwambie "apunguze vitamu", neno ambalo halijawahi kumpunguzia mtoto yeyote kitu. Usimwambie kwamba dawa ya meno yenye floridi ya ukubwa wa punje ya mchele inamtosha mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na ya ukubwa wa punje ya mbaazi inamtosha wa miaka mitatu mpaka sita, asubuhi na kabla ya kulala. Usimwambie kwamba mtoto wa miaka mitano hajui kujipigisha mswaki vizuri, na kwamba mkono wa mtu mzima unahitajika mpaka atimize saba au nane. Akiulizia mswaki wa mti, sema "pia sawa" bila kufafanua. Kutofafanua ni nusu ya udaktari.

Hatua ya 8: Andaa visingizio kabla ya kizibo kutoka

Mama atarudi. Kuwa tayari.

Wa kwanza wa kulaumiwa ni mtoto: "Anasaga meno usiku huyu." Wa pili ni dawa: "Walituletea boksi baya." Wa tatu ni umeme, na huu Unguja una historia ya kuaminika. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani miezi mitatu, baada ya kuharibika njia ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa baharini. Ukisema, "Mashine ilikuwa haina nguvu," kila mtu wa umri wetu atatikisa kichwa na kukumbuka jenereta zilivyokuwa zikinguruma vichochoroni.

Lakini uangalie asiwepo mjuaji. Mjuaji atakwambia kuna njia isiyohitaji umeme kabisa, wala mashine, na mara nyingi wala sindano ya ganzi: kipatasi, kijiko, pamba na glasi ayonoma. Atakwambia pia kwamba njia hiyo, inayofundishwa leo duniani, ilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanatafuta namna ya kutibu meno ya watu ambako hakuna umeme wala kiti cha daktari. Mgonjwa alilazwa juu ya meza. Shirika la Afya Duniani liliitangaza siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Jambo hilo linatuaibisha mara mbili: dunia imejifunza kuziba bila umeme kutoka kwetu, na sisi tunasingizia umeme.

Mjuaji huyo akiendelea atafika kwenye kofia ya chuma. Mkatize. Hiyo ni kofia ndogo iliyokwisha kuumbwa umbo la gego, inavishwa juu ya jino lililotoboka ubavuni, mradi mshipa bado mzima. Daktari Norna Hall wa Scotland alikuwa akiivisha bila sindano, bila kuchimba, bila hata kukwangua uozo: anaijaza saruji, anaikandamiza kwa kidole, mtoto anauma, basi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kofia hizo zinawashinda vizuri wenye kuziba kwa kawaida. Kama mtu anaweza kushinda bila kutayarisha tundu kabisa, basi kumbe sisi tunaolitayarisha vibaya tumechagua wenyewe. Sema tu, "Mtoto ataonekana ana jino la chuma." Mama atakataa kwa niaba yako. Harusi ya shangazi iko karibu, na picha zitapigwa.

Neno la mwisho, baina yetu

Ukifuata hatua zote nane utamaliza watoto kumi na mmoja kabla ya adhuhuri. Daftari lako litajaa. Mkubwa wa kazi atasoma tarakimu na kukusifu, kwa sababu daftari lina safu ya meno yaliyozibwa, halina safu ya yaliyozibuka.

Lakini umenikaa vizuri, kwa hiyo nikwambie na hili. Mwaka jana mjukuu wangu wa miaka mitano aliniletea gego lake. Kivuli cha kijivu, ubavuni. Nilishika kioo, nikakiweka chini. Nikamchukua mkono, tukatoka chumbani kwangu, tukaenda kukaa kwenye benchi la yule binti wa chumba cha tatu, anayemaliza watoto watatu wakati mimi nimemaliza tisa. Tulingoja saa mbili. Watu walinisalimia, nikasema nimekuja kusindikiza.

Alipotuita alisema, "Shikamoo, babu," kisha hakunitazama tena. Alimwambia mtoto, "Tuhesabu pamoja pamba zako." Walihesabu tano. Alivunja kingo kwa kipatasi, polepole. Alizungusha kijiko kwenye kuta, akainama kusikiliza, akazungusha tena, na mimi niliyekaa hatua mbili nikaisikia ile kwaru kwaru. Chini aliacha ngozi ya tende. Kabari ya mti aliichukua kutoka kwenye kikopo chake mwenyewe, kumbe hazikuwa zimeisha. Dawa ilipokwisha kukaa alinitazama, akasema, "Saa nzima asile kitu, babu. Na pipi hapana."

Tulikaa nje saa nzima. Mtoto akamtazama muuza malai, mimi nikatazama saa.

Sikukuu mosi ilipita, pili, tatu, nne. Idd ya Mfunguo Tatu nayo ikapita. Kizibo kipo. Chumba ni cha tatu, mkono wa kulia. Foleni yake ni ndefu kuliko yangu, basi mwanao mpeleke mapema.